Msasa Kwanza, Rula Baadaye

Naona wengine mmekuja na rula. Zirudisheni mfukoni, maana swali lenu nalijua: bawa la modeli ya plastiki ya Spitfire, ndege ya kivita, ya kipimo cha 1/72 (yaani mara 72 ndogo kuliko ndege halisi) limepungua milimita moja, tulirefusheje? Mimi nauliza: ukingo wa nyuma wa bawa hilo una unene gani? Kimya. Haya, uwe milimita moja. Zidisha kwa 72. Umeipa ndege ukingo mnene kama upana wa vidole vinne, na ule wa kweli unaubana kwa vidole viwili tu! Halafu unalilia milimita moja katika mabawa ya milimita 156 kutoka ncha hadi ncha.

Mtaniambia kiwanda ni kizembe. Hapana. Plastiki iliyoyeyuka husukumwa ndani ya kalibu, na njia ikiwa nyembamba mno inaganda kabla ya kufika mwisho. Wanaacha unene, kuupunguza ni juu yetu.

Punguza kabla ya gundi, nusu mbili za bawa zikiwa bado mbalimbali. Upande wa ndani, theluthi ya nyuma tu, paka wino. Laza kisu, kwangua, malizia kwa msasa namba 400. Pale wino ulipobaki hujapagusa. Kila mara unganisha nusu hizo kwa mkono, tazama, zitenganishe tena. Inua kwenye taa: ukingo ukianza kupitisha mwanga, acha. Theluthi ya nyuma, nasema! Kuna wanaolaza bawa zima juu ya msasa na kusugua kama wanaosha sufuria. Ukingo wa mbele unaliwa, shina linakonda, bawa halikutani tena na mwili wa ndege, na jioni nzima inaishia kwenye puti.

"Lakini nani ataona?" Wewe hutajua umeona nini, ila utasema modeli ile inafanana na mwanasesere.

Na hiyo michoro ya vipimo vya ndege mnayoiapia! Mimi niliwahi kukata mwili wa ndege kwa msumeno nikaongeza milimita 3, kwa kuwa mchoro ulisema. Gundi, puti, msasa, rangi, wiki tatu. Baadaye nikaupima mchoro wenyewe. Mabawa yake nayo yalizidi namba zilizoandikwa pembeni: fotokopi ilikuwa imeukuza. Ndege ipo kabatini, nyumbani wanaiita Twiga. Pima mchoro kwa namba zake kwanza, kisha picha za ndege halisi, ndipo ushike msumeno.

Muda unanikimbiza. Mitutu ya bunduki: itoboe, au kata bomba la sindano uweke badala yake. Mabomba ya moshi vivyo hivyo. Mistari ya paneli, yaani maungio ya mabati ya ndege: mfereji wa milimita 0.3 ni zaidi ya sentimita 2 kwenye ndege halisi, kidole gumba kinaingia; kuijaza na kuichonga upya ni mhadhara mwingine. Yule wa nyuma mwenye rula, haya, uliza.