Luger P.08: namba zinalingana, lakini je, vipande ni vyake?

Karibuni, watazamaji. Mezani leo ni Luger P.08, bastola aliyoibuni Georg Luger na jeshi la nchi kavu la Ujerumani likaanza kuitumia mwaka 1908. Hii ilitoka kiwanda cha DWM mwaka 1917. Muuzaji atakwambia "namba zote zinalingana", yaani kila kipande kina namba ya bastola ile ile, na kunyamaza hapo. Sisi tunaanzia hapo hapo.

Kwanza, hakikisha haina risasi. Toa magazini. Shika vile vifundo viwili vya mviringo, vuta nyuma na juu, umulike chemba, yaani chumba cha risasi, kwa tochi, kisha pitisha kidole kidogo. Ubavuni mwa kikamata-ganda kuna neno GELADEN, linaloonekana chemba ikiwa na risasi. Usitegemee neno hilo peke yake.

Sasa soma maandishi ya nje. Juu ya chemba utaona mwaka, na juu ya goti, yaani kile kiungo kinachojikunja, herufi DWM zilizosukana. Ukikuta taji na neno ERFURT, kiwanda cha silaha cha serikali, halafu mwaka ni 1915, rudisha pochi mfukoni: Erfurt haikutoa Luger za mwaka huo. Ila 1920 iliyogongwa pamoja na 1917 isikutie wasiwasi. Ni alama ya mali ya serikali ya Ujerumani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na wakusanyaji wengi wa bastola za zamani wanaipenda.

Tufungue. Sukuma mtutu nyuma kidogo, zungusha kile kishikio kidogo cha mbele, cha kufungulia, kielekee chini, bamba la ubavuni litoke, kisha telezesha sehemu ya juu kwenda mbele. Taratibu, usilazimishe kitu.

Namba kamili ipo mbele ya fremu, na herufi ndogo chini yake. Kila walipofika elfu kumi walianza upya na kuongeza herufi, kwa hiyo isome pia. Namba hiyo hiyo iwe chini ya mtutu na ubavuni mwa sehemu ya juu. Vipande vidogo hubeba tarakimu mbili za mwisho: goti, bamba, kifyatulio, kikamata-ganda, kishikio cha kufungulia, kizuizi cha usalama. Kwenye bastola za jeshi namba hizi zimegongwa mahali zinapoonekana. Za biashara zilifichwa.

Hapa ndipo watu hunaswa. Tarakimu mbili tu! Mwenye sanduku la vipande vya zamani akipekua atapata kinacholingana. Kwa hiyo chukua kioo cha kukuza, linganisha umbo la tarakimu: mkia wa 7, tumbo la 6, kina cha pigo la nyundo. Kwenye kipande kilichokwaruzwa namba ya zamani, mahali pale hubonyea kidogo. Kiinamishe upande upande mbele ya taa, utapaona. Erfurt ndiyo inayosaidia zaidi, maana karibu kila kipande chake kidogo kina mhuri mdogo wa taji wa mkaguzi.

Baada ya namba, rangi. Kwenye bastola ya 1917, kifyatulio, kishikio cha kufungulia na kizuizi cha usalama vilikuwa na rangi ya manjano ya majani makavu, si bluu. Kiwanda cha Mauser, kilichotengeneza Luger baadaye, kiliiacha manjano hiyo mwaka 1937. Kwa hiyo 1917 yenye kila kitu cheusi-bluu imetiwa rangi upya, mara nyingi ni zile zilizotekwa na Wasovieti na kufanyiwa matengenezo. Angalia mashimo ya kutu: kama ndani yake pia pana bluu, rangi ilikuja baada ya kutu. Herufi zenye kingo zilizolainika zinasema bastola ilisuguliwa.

Mwisho, ng'oa mbao za mpini na usome namba upande wa ndani, kisha kitako cha magazini. Alama ya + kwenye magazini ni ya akiba. Magazini yenye namba nyingine haiharibu bastola; hupunguza bei tu. Namba iliyogongwa upya ndiyo ya kukataa.