Operesheni ya goti, bei moja: nani anabeba hasara?

Jamani habari zenu, mnanipata vizuri? Leo naongelea bima, maana huku Marekani ukibadilishiwa goti bili inakuja vipande vipande, hospitali yake, daktari mpasuaji yake, wa usingizi yake, mazoezi ya viungo nayo yake, na kila mmoja anavyozidi kufanya ndo anavyozidi kulipwa, sasa nani atajibana hapo?

Ndo likaja wazo la malipo ya kifurushi, yaani bima inaweka bei moja kwa safari nzima ya mgonjwa. Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, ilianza na magoti na nyonga Aprili 2016 kwenye miji 67 na vitongoji vyake, na hesabu haikuishia siku ya operesheni, iliendelea mpaka siku 90 baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Kila mtu analipwa kama kawaida halafu baadaye wanajumlisha, ikizidi bei iliyopangwa hospitali inarudisha hela, ikipungua na ubora upo inapewa bonasi.

Mi kilichonishangaza ni hela ilipookolewa. Sio chumba cha upasuaji! Ni baada ya hapo, wagonjwa wengi waliokuwa wanapelekwa kulazwa vituo vya uuguzi wakaanza kurudi nyumbani na kufanyia mazoezi huko huko. Kabla ya hapo hospitali ilikuwa haina sababu kubwa ya kufuatilia, ukishatoka mlangoni gharama zako nyingi sio zake.

Ila sasa, mzee aliyeanguka akavunjika nyonga sio sawa na aliyepanga operesheni yake akiwa na nguvu zake, ukiwawekea bei moja hospitali itaanza kuchagua wagonjwa, itawakimbia wale wagumu, ndo maana Medicare ikatenga bei ya waliovunjika. Tangu Januari 2026 kuna mpango mwingine wa lazima kwa hospitali zilizochaguliwa, operesheni za aina 5 ila siku ni 30 tu, na mimi naona siku 30 ni chache, goti linaweza kuleta shida mwezi wa pili.

Halafu kuna hili la dari ya hasara. Kwenye ule mpango wa 2016 ilipanda taratibu mpaka asilimia 20 ya bei iliyopangwa, zaidi ya hapo hospitali haidaiwi. Hospitali yenye wagonjwa wachache, mmoja tu akipata maambukizi akarudishwa ICU hesabu yote imeharibika, kwa hiyo kama bima inawaletea mkataba wa hivi na dari haijaandikwa, mi ningewaambia wasisaini.