Umesimama wapi?

ZAI: Tumerudi, wapenzi. Leo tuliahidi mambo matatu ya lugha ya Python: kuendesha faili, kuliita kutoka faili jingine, na kuliita upya ukishalibadilisha. Ila kaka Shafii ana lake tangu Jumanne.

SHAFII: Ni shangazi, dada Zai. Yule wa machungwa pale sokoni Mgandini. Nimemwandikia skripti ya Python, yaani faili la amri, ijumlishe mauzo, alfajiri akute hesabu kwenye simu kabla mzigo wa Muheza haujashushwa. Nimeiendesha mara kumi, haina neno. Nikaikabidhi kwa cron, ile programu ya kuendesha kazi kwa saa uliyopanga. Saa kumi na moja simu inalia: “Mwanangu, mbona kimya?” Nakwenda kutazama, imeandika mauzo.csv halipo. Lipo! Naliona, folda moja na skripti!

ZAI: Zile mara kumi uliiendesha ukiwa wapi?

SHAFII: Nyumbani, Ngamiani.

ZAI: Si wewe! Terminali, pale unapoandika amri, ilikuwa folda gani?

SHAFII: Aa. Folda ya skripti.

ZAI: Cron huanzia folda kuu ya mtumiaji. Na open, amri ya kufungua faili, hulitafuta hapo ulipoanzia, haijali skripti imelala wapi.

SHAFII: Mbona import bei, ya kuliita faili jingine, ilipita? Na bei.py iko humohumo!

ZAI: Ukiandika python3 na jina la faili, Python huiweka folda ya faili hilo mwanzo kabisa wa sys.path, orodha ya folda za kupekua. Moduli, yaani faili unaloliita kwa import, hutafutwa huko. Data hutafutwa uliposimama.

SHAFII: Kama kumwelekeza mgeni Ngamiani: “Barabara ya tatu, kushoto.” Katokea wapi huyo?

ZAI: Mwambie pale kwa muuza kahawa.

SHAFII: Muuza kahawa anafuata kivuli! Asubuhi upande huu, alasiri ng’ambo.

ZAI: Anasogeza birika tu, barabara ni ileile.

SHAFII: Fundi wangu wa bomba kaelekezwa hivyo, kaenda kugonga nyumba ya watu wenye msiba!

ZAI: Maskini. Akafanyaje?

SHAFII: Akavua kofia, akakaa, akala ubwabwa. Bomba langu linamwaga mpaka magharibi.

ZAI: Haya, dawa ni moja. Kwenye mstari wa cron anza na cd ya kuingia folda ya skripti, ndipo python3. Skripti usiiguse.

SHAFII: Hapana. Path(__file__).resolve().parent, yaani folda ya skripti yenyewe, faili lijue kwao.

ZAI: Hapo umeifunga data kwenye msimbo. Kesho jirani yake wa maembe akiitaka?

SHAFII: Na siku nikihamisha cron nikasahau cd? Anayeumia ni shangazi, gizani, na lori limefika.

ZAI: Basi ipe skripti njia ya faili kama hoja, uiandike kwenye amri ya kuiendesha.

SHAFII: Hoja nayo husahaulika.

ZAI: Sikubali.

SHAFII: Wala mimi.

ZAI: Zimebaki dakika mbili, na kuita upya hatujagusa. Import ya pili haisomi faili tena, ndiyo maana kuna importlib.reload ya kulisoma upya, lakini...

SHAFII: Hiyo haitoshi dakika mbili, dada.

ZAI: Haitoshi. Shangazi leo kapata hesabu?

SHAFII: Kapata, saa kumi na moja kamili. Kwa njia yangu.

ZAI: Ngoja wa maembe aje.