Jinsi ya Kutafuta Sarafu za Zamani Ufuoni: Anza na Mchanga, Mashine Baadaye

Karibuni tena watazamaji. Leo tuko kando ya Ziwa Victoria, na kazi ni kukuonyesha namna ya kutafuta sarafu na vitu vidogo vya metali vilivyozikwa mchangani kwa kutumia detekta, mashine inayolia ikipita juu ya metali. Swali linalorudi kila wiki ni hili: nimenunua mashine, nimezunguka bichi kutwa nzima, nimeambulia vifuniko vya soda, shida iko wapi? Mara nyingi mashine ni nzima. Ulikuwa unatafuta kwenye mchanga ulioletwa juzi na lori.

Wanaoujua ugonjwa huu vizuri ni watafutaji wa Florida, Marekani. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 1715, kimbunga kiliukumba msafara wa meli za Hispania uliotoka Havana na shehena ya fedha na dhahabu. Meli 11 zilivunjikia karibu na pwani, kati ya mahali panapoitwa leo Sebastian na Fort Pierce. Hadi leo, dhoruba kali ikipita, sarafu hujitokeza ufuoni, nyingine nyeusi tii kwa sababu fedha ikikaa baharini hushika kutu nyeusi. Vimbunga Frances na Jeanne, vyote vya Septemba 2004, viliyakata matuta ya pwani ile na watu wakatoka mbio na mashine zao.

Lakini ufuo ukishakatwa namna hiyo, serikali za kule huurudishia mchanga. Meli ya kuchimba hufyonza mchanga kutoka chini ya bahari, husukumwa kwa bomba mpaka ufuoni, kisha tingatinga husawazisha. Tabaka hilo jipya linaweza kufika mita moja au zaidi. Sasa piga hesabu. Detekta ya kawaida, aina ya VLF (ya mawimbi ya masafa ya chini), yenye koili, yaani lile duara la chini linalonusa metali, la inchi 11, husikia sarafu moja kwenye kina cha sentimita 20 hadi 25. Ile aina ya mapigo, PI, hufika 35 au 40 hali ikiwa nzuri. Sarafu haijaenda popote, ila imefunikwa kwa kina ambacho mashine yako haikifikii. Kule Delaware ni hadithi hiyo hiyo: meli Faithful Steward ilivunjika mwaka 1785 karibu na Indian River Inlet ikiwa na mapipa ya sarafu za shaba, na mchanga wa kujazia unapomwagwa, watafutaji hukaa wakisubiri mawimbi yauondoe.

Na mchanga mgeni huja na mambo yake. Mwaka 2007 huko Surf City, New Jersey, ufuo uliojazwa ulikutwa na mamia ya vilipuzi vya kijeshi vya enzi ya Vita Kuu ya Kwanza, vilivyokuwa vimetupwa baharini na kufyonzwa pamoja na mchanga.

Huku kwetu hakuna msafara wa Hispania. Mtu akikuuzia ramani ya meli ya dhahabu iliyozama Ziwa Victoria, mwambie akaitafute mwenyewe. Vyombo vilivyozama ziwani vingi vilizama na watu. Meli ya abiria MV Bukoba, iliyopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ni kaburi, na pale hapatafutwi kitu. Kinachopatikana kihalali kwenye fuo zetu ni vitu vilivyodondoka: pesa za wasafiri na wavuvi, pete, risasi za kuzamishia nyavu. Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, mji ukiitwa Port Florence, na meli za ziwani zikaanza kubeba watu na mizigo. Kwa hiyo magati na vivuko vya zamani vinaweza kuwa na rupia za fedha za India, zilizotumika Afrika Mashariki hadi 1920, senti zenye tundu katikati, na shilingi za kuanzia 1921.

Shida ya mchanga mgeni tunayo pia, kwa sura nyingine. Ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha maji cha Jinja, Uganda, mwezi Mei 2020, likavunja rekodi ya 1964 ya mita 13.41. Lilihamisha fuo nzima. Maji yaliporudi nyuma, wenye hoteli na viwanja vya pikiniki wakamwaga mchanga wa lori, wa mtoni au wa Kobala kule Rachuonyo, ili wageni wapate pa kukaa. Unaona ufuo mweupe, msafi, unapendeza. Kwa mtafutaji, hapo juu hamna kitu.

Hatua ya kwanza: ruhusa. Nenda ofisi ya BMU, kamati inayosimamia ufuo huo, sema unataka kufanya nini na wapi. Kama ni kiwanja cha mtu, mtafute mwenyewe. Usiguse sehemu walikoanika omena (dagaa), hata kama wavu hauna kitu wakati huo. Usiwashe mashine ndani ya hifadhi kama kisiwa cha Ndere, wala karibu na boma la kale la mawe la Thimlich Ohinga. Rusinga uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu miamba yake ina visukuku, na fuvu la Proconsul, nyani wa kale, lililopatikana 1948, lilitoka hapo. Ukifukua mfupa uliogeuka jiwe, simama.

Halafu sheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Taifa ya Kenya ya 2006 inahesabu kuwa mali ya kale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Ukigundua kitu cha kiakiolojia, una siku 7 za kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa, ukieleza mahali hasa na namna ulivyokikuta. Kwa watu wa huku, ofisi ya karibu ni Makumbusho ya Kisumu. Na ukikuta mbao za chombo, misumari mirefu ya kufuliwa kwa mkono, au vitu vingi vya aina moja mahali pamoja, hilo ni eneo la wataalamu. Funika, piga picha, toa taarifa.

Hatua ya pili ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo tutakayokaa nayo. Kabla ya kuwasha mashine, soma mchanga.

Nunua paipu ya PVC ya inchi moja na nusu, urefu wa mita 1.2. Ncha moja ikate mshazari kwa msumeno. Weka alama kwa kalamu ya wino mzito kila sentimita 10. Unahitaji pia kipande cha mbao, kitambaa, gunia jeupe na chupa ya plastiki isiyo na rangi.

Tazama hapa. Mchanga mkavu humwagika ukiinua paipu, kwa hiyo kwanza mwagia maji lita mbili hivi mahali unapotaka kupima. Simamisha paipu, izungushe ukiisukuma chini. Ikigoma, weka mbao juu ya mdomo na ugonge taratibu. Ukifika kina unachotaka, jaza maji sehemu iliyobaki tupu juu, kisha ziba mdomo kwa kitambaa na kiganja, kaza, ndipo uvute. Hewa isipoingia juu, mchanga hautoki chini. Watu wengi hulalamika kwamba paipu inatoka tupu, na sababu ni kwamba wamesahau kuziba. Ikisimama kwenye sentimita 30 haiendi mbele, umegonga jiwe. Sogea nusu mita.

Sasa lazia paipu kwenye gunia, gonga pole pole huku ukirudi nyuma, mchanga utoke kama mkate mrefu. Huu hapa. Sentimita 45 za juu ni wekundu kidogo, chembe zina kona kali, kuna changarawe, na hapa kuna kipande cha tofali. Huo ni wa lori. Chini yake rangi inabadilika ghafla: kijivu, chembe zimelainika, maganda ya konokono wadogo. Huo ni mchanga wa ziwa. Halafu angalia mstari huu mwembamba mweusi, unene wa sentimita mbili, una vijiwe vidogo na kipande cha risasi ya wavu. Huo mstari ndio tunaoutafuta. Mawimbi yamechukua chembe nyepesi, yameacha nzito, na sarafu ni nzito kama risasi. Chini ya hapo ni udongo wa mfinyanzi, na sarafu kwa kawaida hukomea juu yake.

Kama huna uhakika na macho yako, tia vijiko viwili vya mchanga kwenye chupa ya maji, tikisa, weka chini. Mchanga uliooshwa na mawimbi huacha maji yakitakata haraka. Wa lori huyaacha kama chai ya maziwa kwa muda mrefu, kwa sababu umebeba vumbi la udongo.

Pima hivyo kila mita tano, kuanzia kwenye majani hadi ukingo wa maji, na uandike kina cha mchanga mgeni kila sehemu. Utaona unapungua kuelekea majini, na kwenye mipaka ya kiwanja pale lori lilipoishia. Panapokuwa chini ya sentimita 15, anza kazi hapo. Panapozidi 30, acha. Kuongeza nguvu ya mashine hakusaidii, utaongeza kelele tu.

Palipokatwa na mawimbi utakuta ukuta mdogo wa mchanga. Tafuta kwenye mguu wake, ambapo tabaka la zamani limefunuliwa. Usiuchimbe ukuta wenyewe, huporomoka, na mwenye kiwanja ana haki ya kukufukuza. Pale wachimba mchanga walipokwisha kupita, sahau. Tabaka zote zimechanganywa.

Hatua ya tatu, mashine. Tafuta kipande kisicho na metali, pandisha na kushusha koili kati ya sentimita 3 na 20 juu ya mchanga, huku ukirekebisha mizani ya ardhi, mpangilio unaoizoesha mashine madini ya mchanga, mpaka sauti itulie. Kwenye fuo za Rusinga na Mbita mchanga mweusi wa volkano una sumaku nyingi, na mashine hulia ovyo. Shusha usikivu hadi asilimia 60 au 70, na urudie kusawazisha kila unapohamia mchanga wa rangi nyingine. Unaweza kuhakikisha kwa kupitisha sumaku ya spika iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni: ikitoka na ndevu nyeusi, umejua.

Usitegemee namba za kitabu cha mashine. Tafuta senti 10 ya zamani yenye tundu, ile ya shaba yenye upana wa karibu milimita 30, na shilingi ya kabla ya 1948, ambayo ina robo ya fedha. Wauza sarafu kuukuu wanazo. Zizike kwenye mchanga huo huo, sentimita 10, 15, 20 na 25, upite juu na uandike namba na sauti ya kila moja. Zika pia kifuniko cha soda na shilingi moja ya siku hizi, ambayo ni chuma kilichopakwa nikeli, ujue mlio wao.

Hatua ya nne, kupita. Funga kamba mbili sambamba, mita moja na nusu kati yake, tembea katikati. Koili iwe sambamba na mchanga mpaka mwisho wa mkono, wengi huiinua kama fyekeo pembeni na kupoteza nusu ya kina. Kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Ukisikia mlio mzuri, geuka digrii 90 urudie. Kisha rudisha koili nyuma taratibu mpaka ncha yake ya mbele ndiyo ipo juu ya kitu. Kifuniko cha soda kitaanza kukwaruza kama chuma. Sarafu itabaki na sauti ile ile, ikififia tu.

Chimba sentimita 15 pembeni ya kitu, si juu yake, ncha ya koleo isikikwaruze. Mchanga utie kwenye chekeche la fundi lenye matundu ya robo inchi. Angalia tena shimo kwa mashine kabla ya kufukia, kwa maana sarafu mara nyingi hazikai peke yake. Fukia, kanyaga. Takataka zote ondoka nazo.

Kaa kwenye mchanga mkavu, au uvae gambuti ndefu, maana maji ya ukingoni yana kichocho. Saa kumi na moja jioni uwe umefunga vitu, viboko hupanda malishoni giza likiingia na hawakupi njia.

Ukishaokota, usisugue sarafu kwa kidole wala mchanga. Iweke kwenye mfuko mdogo, andika tarehe, kina na rangi ya tabaka. Nyumbani, ilowe kwenye maji safi siku nzima, ubadilishe maji mara mbili tatu, kisha tumia mswaki laini. Ukoko wa kijani kwenye shaba uache, ukiukwangua utaondoka na maandishi. Rupia iliyogeuka nyeusi usiitie ndimu wala dawa ya kusafishia masufuria, kwa sababu asidi hula uso wa fedha na mnunuzi ataliona hilo kabla hujafungua mdomo. Ikishakauka, ifunge kwenye karatasi isiyo na asidi, si kwenye mfuko laini wa plastiki aina ya PVC, ambao huiachia sarafu utelezi wa kijani.