Uchumi wa India ukitazamwa kutoka Mtwara

Wazee shikamooni. Viongozi wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika wa mazao, wafanyabiashara na wanafunzi, habari za jioni.

Kwenye vijiwe vya kahawa vya mji huu, ubishi kuhusu India haujaanza leo. Huyu anasema India ni tajiri, ingekuwa maskini isingekomba korosho zetu kila msimu. Yule anajibu kwamba nchi yenye mamilioni wanaoishi kwa chakula cha serikali haiwezi kuitwa tajiri. Wote wawili wana haki, maana kila mmoja ameshika kipimo chake. Jioni hii tutapima kwa vipimo vyote viwili, kisha tuone ni kipi kinachogusa bei ya mbaazi Ruangwa na korosho Tandahimba.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2023 pato la taifa la India lilikuwa kama dola trilioni 3.6, likiwa miongoni mwa matano makubwa duniani. Ligawe kwa watu bilioni 1.4 na ushee, kila mmoja anapata dola 2,500 hivi. Sisi tupo kwenye dola 1,200 hivi. Mhindi wa kawaida, kwa wastani, anatuzidi mara mbili tu. Na wastani nao unaficha mengi: jimbo la Bihar, ambalo kwa sensa ya 2011 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 100, pato la mtu mmoja liko karibu theluthi ya wastani wa India nzima. Anayesema "soko la watu bilioni" akumbuke kuuliza mfukoni mwao mna nini.

Nguvu ya kwanza ya uchumi huu ni kwamba unajinunulia wenyewe. Karibu asilimia 60 ya pato la taifa ni matumizi ya kaya: chakula, nguo, nauli, simu. Ulaya ikipiga chafya, kiwanda cha India kinachouza India hakilali na homa. Nguvu ya pili ni huduma. Miji kama Bangalore na Hyderabad inauza programu na kazi za ofisini kwa makampuni ya nje, na Wahindi walioko ughaibuni mwaka 2022 walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 100. Fedha hizo ndizo zinazosaidia kulipia mafuta, kwa sababu zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ghafi ya India yanatoka nje.

Ya tatu ni akiba ya fedha za kigeni. Mwaka 1991 akiba hiyo ilibaki ya kuagiza bidhaa kwa wiki chache tu. Tani zipatazo 47 za dhahabu ziliwekwa rehani kwa benki kuu za Uingereza na Japani. Julai mwaka huo serikali ya Waziri Mkuu P. V. Narasimha Rao, waziri wa fedha akiwa Manmohan Singh, ilishusha thamani ya rupia, ikafuta leseni nyingi za viwanda na kupunguza ushuru wa forodha. Kufika 2024 akiba ilipita dola bilioni 600. Mnunuzi wenu wa korosho leo hakosi dola za kulipia, na hilo si jambo dogo kwa muuzaji.

Sasa udhaifu, na hapa ndipo nitakapokaa.

Kilimo cha India kinashika karibu asilimia 45 ya wafanyakazi wote, lakini kinatoa kama asilimia 18 tu ya pato. Fanyeni hesabu hiyo kwenye daftari: 18 gawanya kwa 45 ni 0.4. Wengine wote, asilimia 55, wanatoa asilimia 82, yaani 1.5. Mtu mmoja nje ya shamba anazalisha karibu mara nne ya aliye shambani. Kwa kawaida nchi hutoka hapo kwa kuwahamishia watu viwandani, kama walivyofanya China na Vietnam. India imehamisha kidogo. Mwaka 2014 ilizindua mpango wa kupandisha viwanda hadi asilimia 25 ya pato. Bado viko chini ya asilimia 20.

Kwa nini? Sababu zipo nyingi, nitaje mbili za kisheria. Tangu 1967 bidhaa kadhaa zilitengewa viwanda vidogo peke yake, na orodha ilipita bidhaa 800. Za mwisho zilitolewa 2015. Hadi hapo, mwenye kiwanda akikua, alikuwa anavunja sheria. Pili, kwa miongo mingi kiwanda chenye wafanyakazi 100 na zaidi kilihitaji kibali cha serikali kabla ya kupunguza watu. Matokeo yake wengi walibaki na watu 90 na kitu, au wakaajiri vibarua.

Basi watu wamebaki shambani, na shamba la wastani, kwa sensa yao ya kilimo ya 2015/16, ni hekta 1.08. Ekari mbili na nusu hivi. Hapa panakaa fundo lote la mhadhara huu: serikali ya India ina wakulima wengi maskini wanaotaka bei ipande na walaji wengi maskini wanaotaka bei ishuke, na wote wanapiga kura. Chombo cha haraka cha kuwatuliza ni mlango wa forodha. Bei ikipaa, mlango unafunguliwa kwa waagizaji na kufungwa kwa wanaouza nje. Bei ikianguka, kinyume chake. Julai 2023 walizuia mchele mweupe usio basmati usiuzwe nje ya nchi, wao ambao wanashika karibu asilimia 40 ya biashara ya mchele duniani. Waliuachia Septemba 2024.

Tuje kwenye mbaazi. Mvua zilikuwa haba India 2014 na 2015. Dali ya mbaazi, yaani mbaazi iliyokobolewa na kupasuliwa, ikafika rupia 200 kwa kilo madukani. Serikali ikafanya mambo mawili kwa pamoja: ikapandisha bei ya chini inayowahakikishia wakulima wake, na Julai 2016 ikatia saini na Msumbiji makubaliano ya kununua mbaazi kwa miaka kadhaa. Bei nzuri na mvua nzuri vikakutana. Mavuno yakaruka kutoka tani milioni 2.6 hivi msimu wa 2015/16 hadi karibu milioni 4.9 msimu uliofuata. Agosti 2017 mlango ukafungwa: zikaruhusiwa kuingia tani 200,000 tu kwa mwaka, kwa dunia nzima, isipokuwa wenye makubaliano.

Angalieni tarehe hiyo. Agosti ndipo mbaazi zetu zinapovunwa. Mkulima alipanda akiwa na bei ya mwaka uliopita kichwani, akavuna mlango ukiwa umefungwa; mbaazi iliyokuwa ikiuzwa zaidi ya shilingi 2,000 kwa kilo ikashuka hadi mamia. Ng'ambo ya Ruvuma, mbaazi ileile, udongo uleule, ilikuwa na njia kwa sababu ya karatasi iliyosainiwa mwaka mmoja kabla. Mlango ulifunguliwa tena Mei 2021, na tangu hapo ruhusa inaongezwa kwa vipindi, mara nyingi mwaka mmoja mmoja. (Kwenye orodha za bei za Mumbai kuna daraja la mbaazi linaloandikwa "Matwara". Jina letu wanalijua, hata kama tahajia imewashinda.)

Kiongozi wa AMCOS afuatilie nini basi? Aprili, idara yao ya hali ya hewa inatoa utabiri wa mvua zao kuu za Juni hadi Septemba. Karibu na Juni serikali inatangaza bei za chini za mazao. Ya mbaazi ikipanda sana, wakulima wao watapanda zaidi. Julai na Agosti zinatoka takwimu za hekta zilizopandwa. Mavuno yao yanaingia sokoni kuanzia Desemba. Kwa hiyo dirisha letu ni Septemba hadi Novemba, na mzigo unaobaki ghalani Januari ukingoja bei unashindana na mbaazi mpya ya majimbo yao ya Maharashtra na Karnataka. Kosa la kungoja limewagharimu wengi.

Korosho zina hadithi yake, lakini udhaifu ni uleule. Mji wa Kollam, jimbo la Kerala, ulikuwa ndio mji mkuu wa kubangua korosho duniani, kazi ya mikono ya wanawake. Ujira ulipanda, mashine zikachelewa, viwanda vingi vikafungwa au kuhamia Tamil Nadu. Vietnam ikaingia na mashine za kukata ganda, na mwaka 2006 ikaipita India kwa kuuza viini nje. India imebaki na nguvu yake ya kwanza: inakula korosho kuliko nchi yoyote. Ndiyo maana mnunuzi wake bado yupo kwenye minada yenu.

Na mnunuzi huyo hanunui kilo, ananunua viini vilivyomo. Kipimo ni hiki. Chukueni sampuli kutoka magunia mengi, changanyeni, mpime kilo moja. Hesabuni punje, zikipungua 200 kwa kilo ni kubwa, nzuri. Pimeni unyevu, usizidi asilimia 10. Kisha kateni kila punje katikati, mtenge viini vizuri, vyenye madoa na vilivyooza. Uzito wa vizuri jumlisha nusu ya uzito wa vyenye madoa. Mkipata gramu 300, zidisheni kwa 80, ambazo ni kilo za gunia: kilo 24, sawa na ratili 53 hivi. Hiyo ni korosho ya daraja zuri. Ikishuka chini ya ratili 47, mnunuzi atataka punguzo. Kinachoiangusha mara nyingi ni uanikaji: korosho iliyookotwa na umande ikafungwa gunia siku hiyohiyo huota ukungu ghalani kabla hata ya kupanda meli. Mkiwa na namba yenu kabla ya mnada, hamtegemei neno la mtu mwingine.

Nimeletewa swali kwa karatasi: kwa nini tusibangue hapahapa tuwauzie Wahindi viini?

Kubangua hapa ni sawa, ila kwa India hesabu ina kikwazo. Korosho ghafi ushuru wake wa kuingia India ulishushwa hadi asilimia 2.5 mwaka 2018. Viini, kinyume chake: Juni 2019 serikali yao iliweka bei ya chini ya kuingizia nchini, rupia 720 kwa kilo ya viini vizima na 680 kwa vilivyovunjika, ili kuwalinda wabanguaji wa Kollam na Mangalore. Chini ya bei hiyo mzigo hauingii. Kwa hiyo kiwanda cha Mtwara kitafute mnunuzi wa viini Ulaya na Marekani, ambako kinachoulizwa kwanza ni daraja. W320, kwa mfano, maana yake viini vizima 300 hadi 320 kwa ratili moja. Kilo nne hadi tano za ghafi zinatoa kilo moja ya viini. Kiini kikivunjika wakati wa kubangua au kumenya ngozi, daraja linashuka na bei inashuka nalo. Anayeanza aweke hesabu ya vilivyovunjika kila zamu, kwa kila meza, kabla hajafikiria mashine ya pili.