Baba Akiiba Kondoo: Mhadhara Kuhusu Falsafa ya Kale ya China

Mabibi na mabwana, walimu wangu na wanafunzi, asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nieleze mikondo ya fikra katika falsafa ya kale ya China. Vitabu vingi vya utangulizi huitaja sita: wafuasi wa Confucius, wafuasi wa Mozi, Watao (wafuasi wa Tao, yaani Njia), watu wa sheria, watu wa hoja za majina, na watu wa yin na yang, nguvu mbili zinazokamilishana. Mpangilio huo tumeachiwa na Sima Tan, mwanahistoria wa enzi ya Han aliyefariki mwaka 110 K.K. Alipoandika, wengi wa wanafalsafa hao walikuwa wamekufa zamani, na baadhi yao wasingelitambua kundi walilotiwa. Orodha inasaidia kukumbuka. Lakini inaficha jambo ambalo kwangu ndilo kubwa: watu hawa walikuwa wakijibizana, kizazi baada ya kizazi, juu ya maswali yale yale. Kwa hiyo leo nitafuata swali moja tu. Baba ameiba kondoo. Mwana afanye nini?

Kisa kimo katika kitabu cha mazungumzo ya Confucius, aliyeishi kati ya 551 na 479 K.K. Mtawala wa She alijisifu mbele yake: kwetu yuko mtu mnyoofu hasa, baba yake alichukua kondoo wa watu, na mwana akatoa ushahidi dhidi yake. Confucius akamjibu kwamba kwao wanyoofu ni wa namna nyingine. Baba humsitiri mwana, mwana humsitiri baba, na unyoofu umo humo.

Tusimsingizie kwamba alihalalisha wizi. Kwake yeye, utu hufunzwa nyumbani kwanza, na asiyeona uchungu kumtia baba yake mikononi mwa dola hatamwonea uchungu mtu mwingine yeyote. Wahenga wetu walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Naamini Confucius angelitikisa kichwa kukubali.

Mozi asingekubali. Huyu alikuja baadaye kidogo, katika karne ya 5 K.K., wakati dola za China zikimezana kwa vita. Alitafuta chanzo cha mauaji hayo akakiona hapa: kila mtu anapenda nyumba yake na si nyumba ya jirani, kila mtawala anapenda dola yake na si ya mwenzake. Dawa yake ni kuwajali watu wote bila ubaguzi. Wala hakuishia kwenye maneno. Aliposikia kwamba dola ya Chu inaandaa ngazi za kuparamia kuta za dola ndogo ya Song, inasimuliwa kwamba alitembea siku kumi mchana na usiku kwenda kuizuia, huku wanafunzi wake 300 wakiwa tayari juu ya kuta za Song kuulinda mji usiokuwa wao.

Hawa ndio watu wa Fu Tun. Alikuwa kiongozi wa wafuasi wa Mozi, akiishi katika dola ya Qin, karne ya 4 K.K. Mwanawe aliua mtu. Mfalme Hui akamwambia: mzee, umri umekwenda, na huna mwana mwingine, nimekwisha kuagiza asiuawe. Fu Tun akakataa msamaha. Sheria yetu, alisema, ni kwamba anayeua afe na anayejeruhi aadhibiwe, ili watu wakome kuuana. Mwana akauawa.

Kisa hiki kinanitia baridi kila nikisoma. Hata hivyo siwezi kukitupa, kwa sababu aliyeuawa naye alikuwa mtoto wa watu. Rudini kwa Confucius mtazame: mwenye kondoo ni nani? Hatajwi kwa jina, haulizwi, hana hata neno moja. Mfuasi wa Mozi angeanza na huyo. Ndiyo maana nasema Mozi hajapata kujibiwa sawasawa, ingawa historia ilimpa ushindi mpinzani wake.

Aliyekaribia kumjibu ni Mengzi, mfuasi wa Confucius wa karne ya 4 K.K. Mwanafunzi alimuuliza: tuseme Shun, yule mwema wa masimulizi ya kale, ni mfalme, Gao Yao ni hakimu, na baba yake Shun ameua. Itakuwaje? Mengzi akasema hakimu amkamate, na mfalme hana haki ya kumzuia. Na Shun? Ataitupa himaya kama kandambili iliyochakaa, ambebe baba yake mgongoni kwa siri, akimbilie pwani, aishi huko kwa furaha na kuusahau ufalme. Jibu zuri ajabu. Mwenye cheo hapindishi sheria kwa ajili ya ndugu; anaacha cheo kwanza. Ila familia ya marehemu bado inarudi nyumbani mikono mitupu.

Han Fei, mmoja wa watu wa sheria, aliyefia gerezani Qin mwaka 233 K.K., alikisimulia upya kisa cha kondoo. Kwake, liwali anaamuru mwana aliyeshtaki auawe, kwa kuwa amemkosea baba. Kisha anamleta askari wa dola ya Lu aliyekimbia vita mara tatu kwa sababu ana baba mzee wa kutunza. Funzo lake ni kali: mwana mwema kwa baba aweza kuwa raia mbaya kwa mfalme, na anayetaka kutukuza yote mawili atapotea. Laozi, mwalimu mkuu wa Watao, anapita pembeni kabisa. Anasema jamaa wakikosa maelewano, hapo ndipo wema wa mwana kwa mzazi huanza kusifiwa.

Dola ilichagua upande. Mwaka 66 K.K. mfalme Xuan wa Han aliamuru mtoto anayemficha mzazi asihukumiwe. Sheria za enzi ya Tang za mwaka 653 B.K. zilikwenda mbali zaidi: aliyemshtaki mzazi wake alinyongwa, isipokuwa kosa likiwa uhaini. Dola ikajiwekea pembeni kondoo wake yenyewe: kosa dhidi yake halikusitiriwa. Wafuasi wa Mozi walitoweka baada ya Qin kuiunganisha China mwaka 221 K.K., na kati ya sura 71 za kitabu chao zimebaki 53, zilizohifadhiwa miongoni mwa maandiko ya Watao.

Mwaka 2012 China ilirekebisha sheria ya mashauri ya jinai, ikasema mume au mke, wazazi na watoto wa mshtakiwa wasilazimishwe kufika mahakamani kutoa ushahidi. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka kila ajuaye habari za kesi azitoe. Wanafalsafa wa China wamebishana vikali katika karne hii: wapo wanaosema upendeleo wa ndugu serikalini unalelewa na mafunzo ya Confucius na Mengzi, na wapo wanaoyatetea kwa nguvu zote.

Sasa karibuni kwa maswali, na ningependa waanze wasiokubaliana nami kuhusu Fu Tun.