Mgeni wa Muhimbili kwenye chumba na sebule

REHEMA: Karibuni tena wapendwa, leo ni ukarimu. Kaka Josia naona umekuja na Biblia mbili, unataka ugomvi?

JOSIA: Hahaa hapana dada, Bwana asifiwe kwanza.

REHEMA: Amina.

JOSIA: Mi naanza na Petro wa kwanza 4:9, mkaribishane ninyi kwa ninyi pasipo kunung'unika. Sasa hilo la kunung'unika asingeliweka bure, Petro alijua wageni wanachosha.

REHEMA: Wanachosha kweli! Hapa Dar tunajua, umepanga chumba na sebule Mbagala, simu inaita, baba mdogo anatoka Songea ana kliniki Muhimbili, anasema wiki moja tu, mara daktari kampangia tarehe nyingine, mara majibu bado, mwezi unakatika yupo kwenye kochi na watoto wamehamia chini kwenye mkeka.

JOSIA: Na hapo ndo tunapimwa, sio ile Jumapili ya kumchinjia mchungaji kuku. Luka 14 Yesu kasema ukiandaa karamu usiite rafiki zako wala jirani wenye mali, maana na wao watakualika, ita maskini, vilema, vipofu.

REHEMA: Kwa hiyo tusialikane?

JOSIA: Alikaneni, ila huo ni upatu tu, leo kwako kesho kwangu.

REHEMA: Mmh! Haya, mi nina kero yangu. Baba mwenye nyumba anakaribisha watu kwa mbwembwe, karibuni karibuni kaeni, yeye kakunja nne anapiga stori, anayesugua masufuria saa tano usiku ni dada wa kazi ambaye saa kumi na moja alishaamka kuandaa watoto wa shule. Ukarimu wa nani huo?

JOSIA: Ndo maana nampenda Ibrahimu, Mwanzo 18, mzee wa miaka 99, jua la mchana, anapiga mbio kundini kuchagua ndama, na wageni wakila yeye kasimama karibu nao chini ya mti.

REHEMA: Ila unga alikanda Sara, vipimo vitatu, na ndama kaandaa kijana wa kazi. Usimpambe sana mzee wako.

JOSIA: Dah, umenikamata.

REHEMA: Na yule mzima wa afya, kaja mjini kutafuta maisha, haondoki je?

JOSIA: Kuna maandiko ya Wakristo wa karne za mwanzo yanaitwa Didake, yanasema mtume akija mpokeeni kama Bwana, akae siku moja, ikibidi ya pili, akifika tatu huyo ni nabii wa uongo! Na msafiri wa kawaida akitaka kubaki na ana ufundi, afanye kazi ale.

REHEMA: Eeh, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Bibi zetu hata hawakuyasoma hayo.

JOSIA: Sasa mgonjwa wa kliniki utampa jembe gani?

REHEMA: Huyo anakaa mpaka amalize. Ila asiwe wa nyumba moja, hapo ndo manung'uniko yanapoanzia. Kwenye jumuiya yetu anayemlaza hapiki kila siku, mwingine analeta uji, mwenye bajaji anampeleka asubuhi.

JOSIA: Na nauli ya kurudi Songea?

REHEMA: Hiyo ndo huwa tunabishana mpaka saa nne usiku, kila mtu anamwangalia mweka hazina.